Chupa Niliyoiosha

Siku ya kumaliza kilio cha mume wangu Kashindi, nilicheka. Nilicheka kwa sauti, mbele ya paroko na wakwe na majirani, hata binti yangu mkubwa akanishika mkono akidhani huzuni imenipanda kichwani. Haikuwa huzuni. Mpwa wa marehemu alikuwa ameleta kutoka Bujumbura boksi la divai nyekundu, lile lenye kibomba kidogo cha kufungulia, na kabla ya kumpa mtu yeyote alijimiminia kidogo, akanywa, akapangusa mdomo, ndipo akaanza kugawa. Huku kwetu Uvira ndivyo inavyofanywa. Anayeleta kinywaji anaonja kwanza watu wakimwona, hata kama ni maji, hata kama mgeni ni ndugu yake wa tumbo moja. Hakuna anayekufundisha, unakua ukiona. Kijana alifanya bila kufikiri, nami nikamkumbuka Kashindi wa mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, amekaa karibu na gilasi moja, anatazama vidole vyake. Watoto wetu wanajua kwamba baba yao na mimi tulikutana kwenye kwaya. Ni kweli, lakini kwaya haikuwa na shida yoyote. Shida ilikuja baadaye.

Ilianzia Nyakabere, kijijini kwao, kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake Kashindi. Baba yake Kashindi hakunitaka. Alikuwa amekwisha kuzungumza na rafiki yake wa Lubarika kuhusu binti mwingine, msichana mzuri kweli, nilimjua, sikuwa na neno naye. Siku ile mimi ndiye niliyegawa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Nilionja kwanza kama inavyotakiwa, nikampa mzee kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa. Akanywa vikombe viwili na hata akasifu. Baada ya siku sita tumbo likaanza kuvimba. Wakampandisha kwenye hospitali ya milimani, daktari akasema ini lake lilikuwa gonjwa kwa miaka mingi, tena akawaonyesha karatasi. Akafa kabla maharagwe ya msimu ule hayajavunwa. Lakini nani anamwamini daktari wakati kuna msichana aliyekataliwa na aliyegawa pombe? Kwamba nilionja haikunisaidia. Watu walisema sumu hukaa chini ya ukucha: unaonja vizuri, kisha unapompa mtu kikombe unachovya kidole. Nikakata kucha zangu mpaka zikatoka damu. Siku mbili baadaye, nikiwa kwenye foleni ya bomba, nikawasikia wanawake wawili nyuma yangu, hawakujali kama ninasikia. Mmoja aliuliza yule binti anakata makucha juu ya nini, kama hana kitu cha kuficha. Nilijifunza siku ile kwamba mtu akishapewa jina la mtia sumu, hata usafi wake ni ushahidi.

Nataka niwe mkweli kuhusu mwaka ule, kwa sababu nimewasikia vijana wakicheka mambo haya kama ujinga wa wazee. Hofu ile haikuwa ya kuchekwa. Kila mtu alikuwa na mtu wake aliyekula vizuri jioni na kuzikwa kesho kutwa, na hakuna aliyejua sababu. Mimi mwenyewe sikupokea kinywaji kilichofunguliwa nisikokuona. Kwa hiyo sikuweza hata kuwachukia vizuri. Niliuza maandazi barabarani kabla ya hapo. Sasa nilirudi na beseni lote jinsi lilivyokuwa, nikala maandazi yangu mwenyewe asubuhi, mchana na jioni, mpaka leo siwezi kuyatazama. Kwenye kwaya, dada mmoja niliyempenda aliniambia kwa upole kwamba nisijisumbue tena kuleta jagi la maji ya waimbaji, wengine wataleta. Ule upole wake uliniuma kuliko maneno ya wanawake wote wa bombani. Aliyebaki kuja kwangu ni Kashindi. Kila Jumapili baada ya misa alifika, akakaa kwenye kigoda uani, tukazungumza. Nilimpa chakula, akasema ameshiba, amekula kwa shangazi yake. Jumapili iliyofuata, ameshiba. Nilifikiri ni adabu ya mwanaume ambaye hajatoa mahari. Nilimsifu moyoni.

Kazi niliipata kwa mtu ambaye hakuogopa, kwa sababu hakujua la kuogopa. Mzee Etore alikuwa Mwitaliano aliyekuja zamani kuweka mabomba ya maji vijijini, kazi ikaisha, yeye akabaki. Mkewe alikuwa amefariki huko kwao kabla hajaja. Nyumba yake ilikuwa mwisho kabisa wa mji, pale ambapo mlima unaanza kupanda bila kuomba ruhusa, na jikoni kwake mlango wa nyuma ulifunguka kwenye mwamba. Ndani ya mwamba huo alikuwa amechimba chumba kwa mikono yake na ya waashi wake. Alikiita kave. Majirani walikiita kaburi, na walisema mambo. Joto la Uvira mnalijua. Ukiingia mle ulihisi baridi ya Lemera alfajiri. Kuta za mawe, magunia yaliyoloweshwa maji mlangoni, na chupa zimelazwa kwenye mbao kama ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye kichanja. Nyingi zilikuwa za kawaida, za kununua Bujumbura. Lakini kwenye kona ya ndani zilibaki sita zenye vumbi la unene wa kidole, divai nyekundu ya milima ya kwao, iitwayo Barolo, iliyotengenezwa na baba yake mwaka ambao Etore alioa. Divai hizo zilikuwa na miaka ishirini na minane. Zilinipita umri, na nilipozipitia na taa nilikuwa karibu kuzisalimia.

Aligundua jambo langu kwa njia ya kawaida. Mwashi wake wa zamani alikuja kumtembelea, nikaleta chai, yule mwashi hakuigusa. Etore akamuuliza, mwashi akaaga, jioni Etore akaniuliza mimi, nami nikamwambia yote, nikilia kama mtoto. Alisikiliza huku akimenya kitunguu. Alikasirika, lakini hakukasirikia watu. Alikasirika kwamba nilikaa kwake miezi mitano nimebeba mzigo huo bila kumwambia. Kisha akasema kwamba kwa kuwa mimi sina baba hapa mjini, yeye atasimama mahali pa baba, na atamwalika Mzee Sadoki. Mzee Sadoki alikuwa baba mdogo wa Kashindi, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho sasa, na alikuwa ameshatamka kwamba katika ukoo wao hawaingizi mtu ambaye hawawezi kunywa mkononi mwake. Etore alimwandikia barua, Kashindi akaipeleka. Jibu likarudi kwamba watakuja Jumapili: yeye, dada yake Mama Yunia, na Kashindi. Kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa kesi yangu. Wakinywa, ninaishi kama watu. Wakikataa, jina litanifuata mpaka Fizi na ng'ambo ya ziwa, na hapakuwa na Jumapili nyingine.

Ijumaa Etore aliingia kwenye kave akatoka na chupa moja kati ya zile sita. Aliibeba kama mtoto aliyelala. Akaisimamisha kwenye kabati la jikoni akaniambia isiguswe, isisogezwe, ikae wima mpaka Jumapili. Hakunieleza sababu, nami sikuuliza. Wazungu wana masharti yao. Jumamosi nilipiga deki nyumba nzima, nikaosha mapazia, nikakung'uta viti. Jumapili asubuhi, yeye akiwa misani, nikatazama meza yangu nyeupe na ile chupa, ina vumbi, ina utando wa buibui, ina karatasi iliyoliwa na wadudu. Niambieni ninyi wanawake: wageni wanakuja kuona kama mikono yako ni safi, nawe uwawekee chupa chafu mezani? Niliichukua. Nikaisugua kwa Omo na sponji, karatasi ikatoka yote, nikaigeuza kichwa chini kwenye karai ikauke, kama ninavyofanya kwa kila chupa. Ilipong'aa nikairudisha mahali pake, wima, kama ilivyokuwa. Nilijisikia vizuri sana.

Wageni walifika saa tano. Mzee Sadoki alikuwa mwembamba, mwenye koti la kijivu lililofungwa vifungo vyote licha ya jua. Mama Yunia alikuwa mnene wa sauti ndogo. Walikaa barazani, mahali ambapo ziwa lote linaonekana mpaka milima ya Burundi, wakazungumzia barabara na mihogo inayooza shambani. Kashindi alikaa mwisho wa meza. Mimi nilisimama mlangoni, kwa sababu kwetu posa ikishatajwa, binti hali wala hanywi mbele ya mtu atakayekuwa baba mkwe wake. Nyakabere ilikuwa haijatajwa, ndiyo maana nilionja. Ni aibu kubwa. Afadhali uzimie kwa kiu. Etore akaenda kuleta chupa, akaitazama, akanitazama. Aliwasha mshumaa mchana kweupe, akaushika nyuma ya shingo ya chupa, akaanza kumimina ndani ya jagi la kioo, polepole, akitazama mwanga. Nilimwona akitikisa kichwa. Baadaye alinieleza kwamba divai ya umri ule huangusha machicha chini, na siku mbili za kusimama zilikuwa za kuyatuliza. Mimi niliyavuruga yote kwa dakika moja ya usafi.

Kisha akafanya jambo ambalo liliwafurahisha wageni. Alijimiminia kidogo kwanza, akanusa, akaiweka mdomoni akakaa nayo, macho yamefumbwa. Kwao mwenye nyumba anaonja ili kujua kama divai imeharibika. Kwetu anaonja ili kila mtu ajue kwamba hatakufa. Sababu zilikuwa tofauti, lakini Mzee Sadoki aliona mkono na mdomo, akaridhika. Etore akameza akasema, kwa Kiswahili chake cha waashi, "Iko muzima." Akamjazia Mzee Sadoki gilasi. Mzee akanywa funda moja, akakunja uso, kwa sababu ilikuwa kavu na hakuizoea, akaiweka chini kwa heshima. Mazungumzo yakaendelea. Nilianza kupumua. Na wakati wakizungumza, ndani ya ile gilasi, kitu kikaanza kushuka. Kilishuka bila haraka, cheusi, kama mchanga wa Ruzizi, kikalala chini. Mama Yunia ndiye aliyeona kwanza. Akamgusa kaka yake kiwiko.

Mzee Sadoki aliinua gilasi juu akaielekeza kwenye mwanga wa ziwa. Akauliza, bila kupandisha sauti, "Iko nini humu chini?" Etore akaeleza, akaeleza vizuri, mambo ya zabibu na uzee, lakini mtu akieleza sana anazidi kuharibu. Mama Yunia akauliza nani alishika hii chupa. Nikajibu kwamba ni mimi, niliiosha. Etore akafunika uso kwa mkono mmoja. Aliponyoosha mkono kuchukua ile gilasi ainywe yeye, Mzee Sadoki akaifunika kwa kiganja. "Hapana, muzungu. Weye ulishaonja. Aonje mwenye kuosha."

Dakika ile naikumbuka mpaka harufu yake, nyama ya mbuzi ilikuwa inaanza kushika chini jikoni. Mama Yunia, kwa ile sauti ndogo, akasema jambo ambalo wote tulilijua: kwamba siwezi kunywa mbele ya baba mkwe. Nikinywa, mimi si binti wa kuolewa, sina adabu. Nisiponywa, mimi ni muuaji. Nilimtazama Kashindi. Gilasi ilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, hata mkono haukuhitaji kunyooka. Angeweza kuinywa yeye, na kesi ingeisha, nami ningebaki na adabu yangu na jina langu. Kashindi alikuwa anatazama vidole vyake.

Aliyeniokoa ni mtu niliyemwogopa. Mzee Sadoki alisimama, akakishika kiti chake, akakigeuza kabisa mpaka mgongo wake ukatuelekea, akakaa tena akatazama ziwa. "Yunia," akasema, "miye naangalia maji. Weye angalia huku." Nilikaribia kulia kwa shukrani. Mtu mwingine angeishikilia desturi mpaka initie kaburini, yeye aliigeuzia kiti. Nikatoka mlangoni, nikapiga magoti, nikaichukua gilasi kwa mikono miwili. Niliinywa yote. Machicha yalikuja mwisho, yakanikwama kwenye meno, machungu kama majani ya chai yaliyochemka mara tatu, nikayatafuna, nikameza, nikamwonyesha Mama Yunia ulimi.

Mnafikiri waliinuka wakanipongeza? Walikaa. Walikaa kuona kama nitaanguka. Mzee Sadoki aliendelea kutazama ziwa na kuzungumza mambo ya mihogo na Etore, na kila baada ya muda Mama Yunia aliniomba nilete kitu kidogo, chumvi, kitambaa, nikijua anataka kuona nikitembea. Nilitembea kwa madaha. Ilipofika saa nane Mzee alimtuma Kashindi barabarani akatafute kamioneti ya kurudi Nyakabere, kisha akakigeuza kiti chake mezani na kusema kwamba ana njaa. Nikaleta bugali na mbuzi aliyeungua kidogo. Nilimnawisha, akazitazama kucha zangu zilizokatwa, akala. Alikula mpaka akalamba vidole. Mama Yunia alitangaza, kana kwamba sisi hatukuwepo, kwamba yeye ameona kwa macho yake na atasema kanisani, sokoni na popote. Na alisema, mwanamke yule alikuwa redio. Kabla ya wiki mbili kupita jagi la kwaya likarudi mikononi mwangu.

Walipokwisha kuteremka njia, Kashindi akiwasindikiza, Etore aliniita nikae. Lile jagi lilikuwa limetulia, machicha yote yamelala chini, na juu divai imekuwa safi, rangi ya tofali lililochomwa vizuri. Akanimiminia, akasema sasa nionje kama mtu, ile ya kwanza ilikuwa ni kuapa. Alinifundisha kunusa kabla. Sikujua kwamba kinywaji kina vyumba. Kwanza nilisikia maua makavu, yale tunayoyaacha siku nyingi mbele ya sanamu ya Bikira. Kisha lami ya barabara jua likiwa kali. Mdomoni ilinikaza ufizi, ikanikausha, nikataka kuitema, akanifanyia ishara ningoje. Nikangoja. Ikalegea yenyewe, ikaja ladha kama ya udongo wa milimani mvua ya kwanza ikipiga, na nyuma kabisa kitu kitamu, kidogo, ambacho nilipokitafuta kilikuwa kimeondoka. Nilimwambia. Akasema hicho kitamu ndicho baba yake alikuwa akikingoja, na hakuishi kukionja. Alikuwa ameilinda ile chupa akitumaini kuifungua na mkewe wakizeeka. Nilimwomba msamaha kwa kuiosha. Alicheka, machozi yanamtoka, akasema mkewe naye angeiosha. Tulikaa pale watu wawili, baba na binti kwa siku moja, tukaimaliza taratibu bila maneno mengi. Nimekunywa vitu vingi baadaye, kwenye harusi na vikao. Kile sijakipata tena.

Kashindi alirudi jua likielekea mlimani. Etore alituachia baraza. Alikuja na uso wa furaha, akaniambia Mzee Sadoki amekubali, watakuja rasmi baada ya mavuno. Alidhani nitaruka. Nilikuwa na divai kichwani na hasira tumboni, nikamuuliza moja kwa moja kwa nini hakuichukua ile gilasi. Akarudi kutazama vidole vyake. Nikamwuliza lile lingine, lile ambalo nilikuwa nimeanza kulielewa wakati nikitembea kuleta chumvi.

"Kashindi. Weye uliamini?"

Angeweza kunidanganya. Ilikuwa rahisi, nilikuwa tayari kudanganywa. Aliinua macho, mara ya kwanza siku ile.

"Ndiyo. Niliamini."

"Tangu lini?"

"Tangu kilio cha baba."

Nikahesabu Jumapili zote. Kigoda, uani, ameshiba, amekula kwa shangazi. Nikamwuliza alikuwa anakuja kufanya nini basi, kwa mtu aliyemuua baba yake. Akasema hajui. Akasema kila Jumapili aliondoka nyumbani akiwa ameamua kuniambia kwamba imekwisha, akafika, akanisikia nikizungumza, akarudi bila kusema. Alikuwa anaomba msamaha kwa baba yake kila usiku. Akasema ameshindwa.

"Na ungenioa?"

"Ningekuoa."

"Na chakula changu je? Maisha yote ungekuwa umeshiba?"

Alifikiri kweli kweli, yule mtu, kama mwanafunzi mbele ya ubao. "Hapana," akasema. "Tukishaoana ningekula. Ingeniua, iniue."

Nilikasirika kuliko siku zote za mwaka ule. Nimeishi na jibu lile miaka arobaini, nimelala nalo, nimezaa nalo watoto watano, na nimemzika mwenyewe mwezi uliopita, bado sijui kama mwanamume yule alinitukana au alinipenda kuliko mtu anavyopaswa kumpenda mwingine. Kuna miaka nililiona kuwa tusi. Siku hizi, nyumba ikiwa kimya, naliona jingine. Lakini jioni ile sikuwa na hekima yoyote. Niliingia jikoni nikapakua bugali iliyopoa na mbuzi aliyebaki, nikaweka sahani mbele yake kwa nguvu, sikuonja kwanza. Akanawa, akaanza kula. Nikamwambia asijione shujaa, maana kula sasa baada ya wazee kula hata mtoto angeweza. Akasema anajua. Akaendelea kula, machozi yanamdondokea kwenye mchuzi, mpaka sahani ikawa tupu, ndipo akainyoosha kwangu akaomba nimwongeze.